Kelly Clarkson na mkataba uliokuja na ushindi

Usiku wa tarehe 4 Septemba 2002, katika ukumbi wa Kodak, Hollywood, Kelly Clarkson alitangazwa mshindi wa msimu wa kwanza wa American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 20. Kura zilizopigwa kwa simu zilizidi milioni 15. Yeye alipata asilimia 58, na Justin Guarini aliyebaki naye fainali akapata 42. Wimbo wa ushindi, "A Moment Like This", haukuwa wake. Ulitungwa mapema kwa ajili ya yeyote atakayeshinda, na Guarini naye alishauimba kwenye fainali hiyohiyo. Wa kumsimamia alikuwa ameshapatikana. Lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, ilikuwa imeshapatikana. Binti huyu wa Texas hakuchagua hata kimoja kati ya hivyo.

Nakichambua kisa chake kwa sababu maelezo ya kawaida hayanitoshi. Ukiuliza kwa nini Clarkson amedumu, utaambiwa ana sauti. Sauti anayo, na ni adimu: huanza ubeti kwa kunong'ona na kuumaliza juu kabisa bila kuyumba. Lakini Ruben Studdard, aliyeshinda mwaka uliofuata, naye ana sauti. Taylor Hicks alishinda mwaka 2006 kwa mamilioni ya kura, na kufikia mwanzoni mwa 2008 yeye na lebo yake walikuwa wameachana. Shindano la televisheni huzaa mshindi mpya kila msimu, na kampuni iliyomtoa yule wa zamani haina sababu kubwa ya kumlilia. Naamini kilichomtenga Clarkson ni namna alivyopambana, kwa miaka karibu 20, na kile alichokisaini kabla hajashinda. Mara kadhaa mapambano hayo yalimgharimu kwelikweli.

Alizaliwa Fort Worth tarehe 24 Aprili 1982 na kukulia mji mdogo wa Burleson. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka sita. Pengo la baba likaja kuwa chimbuko la nyimbo zake mbili zinazogusa zaidi, nami nitazirudia zote mbili. Kipaji chake kiligunduliwa na mwalimu wa muziki aliyemsikia akiimba kwenye korido ya shule, akamwita ajaribiwe kwaya. Alipomaliza sekondari mwaka 2000 aliacha nafasi za ufadhili wa chuo, akafanya vibarua vya kila aina ili apate fedha za kurekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, kisha akahamia Los Angeles. Huko nyumba aliyopanga iliungua moto. Akarudi kwao, akawa mhudumu wa baa, hadi rafiki alipomwambia kuna usaili unafanyika Dallas. Aliyeingia kwenye chumba kile cha usaili hakuwa na cha kupoteza, na mtu wa namna hiyo akiletewa karatasi husaini.

Nini kilikuwa kwenye karatasi hizo? American Idol ilitokana na Pop Idol ya Uingereza, na mwenye wazo lake, Simon Fuller, hakutengeneza kipindi tu. Kampuni yake ya 19 Entertainment ilijenga mfumo ambamo mshiriki anayefika hatua za juu anakuwa tayari amekubali kusimamiwa nayo, kurekodi chini yake, na jina na sura yake kutumika kwenye bidhaa. Nyimbo zilirekodiwa chini ya 19 Recordings, halafu RCA, lebo iliyokuja kuwa chini ya Sony Music, ikazipeleka sokoni. Zawadi ilitangazwa kuwa mkataba wa kurekodi wenye thamani ya dola milioni 1.

Kazi ya meneja ni kuibana lebo ili msanii wake apate zaidi: asilimia kubwa zaidi, muda mfupi zaidi wa kufungwa, sauti kubwa zaidi katika kuchagua nyimbo. Sasa meneja akiwa pia ndiye mwenye haki za rekodi, na pia ndiye mwenye kipindi kilichomtoa msanii huyo, nani anambana nani? Simtuhumu Fuller kwa wizi, na bila mfumo wake huenda tusingemjua Clarkson kabisa. Ninachosema ni kwamba muundo wenyewe ulimweka mwimbaji mwisho wa mnyororo. Hilo lilionekana peupe Februari 2014, pale 19 Recordings ilipoishtaki Sony Music mjini New York ikidai mamilioni ya dola ya mirabaha, yaani malipo ya mauzo na matumizi ya nyimbo, iliyotokana na kazi za Clarkson, Carrie Underwood, Chris Daughtry na wengine waliotoka kwenye shindano. Walioziimba nyimbo hizo hawakuwa wadai kwenye kesi. Fedha zilikuwa zikitoka Sony kwenda 19, kutoka 19 ndipo zimfikie msanii, na mabishano juu ya hesabu yakawa ya makampuni mawili.

Gharama ya kwanza ilikuja mapema. Juni 2003 ilitoka filamu ya mapenzi na nyimbo, From Justin to Kelly, iliyomrudisha pamoja na Guarini. Clarkson aliomba asiigize, mkataba haukumruhusu. Filamu ikaanguka vibaya, ikakusanya chini ya dola milioni 5 kwenye kumbi za sinema za Marekani. Kwa msanii anayejaribu kuwaonyesha watu kwamba yeye si kikaragosi cha televisheni, sijui kama kuna pigo ambalo lingemuumiza zaidi.

Muziki wenyewe ulikwenda vizuri. "A Moment Like This" uliruka kutoka nafasi ya 52 hadi ya 1 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, ukiivunja rekodi iliyokuwa ya Beatles, ambao mwaka 1964 waliruka kutoka 27 hadi 1. Albamu ya kwanza, Thankful, ya Aprili 2003, ilianzia kileleni. Ndani yake kulikuwa na "Miss Independent", wimbo ulioanzishwa na Christina Aguilera na ambao Clarkson alisaidia kuumalizia. Hapo ndipo tunapomwona kwa mara ya kwanza akishika kalamu.

Kalamu ndiyo kiini cha kisa hiki. Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Kuna haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio, ambayo kwa Clarkson ilikuwa mikononi mwa wengine. Na kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, ambayo ni ya mtunzi. Redio ikipiga wimbo, mtunzi hulipwa. Msanii mwingine akiurekodi upya, mtunzi hulipwa. Fedha hizo hupita njia yake yenyewe, haziisubiri hesabu ya lebo. Mshindi wa shindano anayeimba tu nyimbo za wengine ana mlango mmoja wa kipato, na ufunguo wake hauko mfukoni mwake.

Akiwa na miaka 16, Clarkson aliandika "Because of You", wimbo wa mtoto anayekua akiogopa kupenda kwa sababu ya alichokiona nyumbani. Aliuleta kwa ajili ya albamu ya kwanza, ukakataliwa. Akauleta tena kwa albamu ya pili, safari hii akiufanyia kazi na Ben Moody na David Hodges waliokuwa wametoka kundi la Evanescence, ukapita. Kwenye albamu hiyohiyo mkuu wa RCA Music Group, Clive Davis, alimkutanisha na prodyuza Msweden Max Martin pamoja na Dr. Luke, na kutoka kwao ukaja "Since U Been Gone". Albamu, Breakaway, ilitoka tarehe 30 Novemba 2004. Ilitoa vibao vitano, ikauza zaidi ya nakala milioni 12 duniani, na Februari 2006 ikamletea tuzo mbili za Grammy, za kwanza kwa msanii yeyote wa American Idol.

Mafanikio hayo yakazaa ugomvi, na ukiyatazama kwa makini utaona ulikuwa hauepukiki. Davis aliitazama Breakaway akaona "Since U Been Gone": mpe mwimbaji huyu nyimbo za watunzi wakubwa, atauza. Clarkson aliitazama albamu ileile akaona "Because of You": wimbo mlioukataa umeingia kumi bora Marekani na umetikisa Ulaya. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi. Nimesoma wachambuzi wengi wanaomfanya mmoja kuwa mjinga na mwingine shujaa, na nadhani wanakosea pande zote mbili. Davis alikuwa amelea nyota kwa miongo kadhaa na hesabu zake kuhusu redio zilikuwa sahihi. Ila alikuwa akijibu swali la nini kitauza mwaka huu, wakati Clarkson alikuwa akijiuliza atakuwa nani baada ya miaka kumi.

Albamu ya tatu, My December, aliishiriki kuiandika yote. Ni kazi nzito, ya gitaa na hasira, isiyo na wimbo mmoja wa kuchezeka harusini. Lebo haikuipenda na habari za mvutano zikavuja magazetini. Mwezi Juni 2007 mambo yakafuatana: aliachana na kampuni iliyokuwa ikimsimamia wakati huo, ziara yake ya viwanja vikubwa ikafutwa, na tarehe 26 albamu ikatoka. Ilianzia nafasi ya 2 kwa nakala zipatazo 291,000 katika wiki ya kwanza. Kwa msanii mwingine hiyo ingekuwa sherehe. Kwa aliyetoka kuuza mamilioni ya Breakaway, magazeti yaliandika kwamba ameporomoka.

Je, alikosea? Kibiashara alipoteza, na kulikana hilo ni kumdanganya msomaji. Nyimbo kadhaa za albamu ile zinafanana mno. Mhariri mwenye mkono mkali angezipunguza na albamu ingekuwa bora. Lakini fikiria njia nyingine: akubali, arekodi Breakaway ya pili chini ya uongozi uleule, na siku ambayo nyimbo za Max Martin zitahamia kwa msichana mwingine abaki hana chochote anachoweza kukiita chake. Wakati akiumia kwa My December, "Because of You" ulikuwa unaanza maisha mapya. Reba McEntire, malkia wa muziki wa country, aliurekodi upya pamoja naye mwaka huohuo, ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya nyimbo za country. Wimbo uliokataliwa na lebo ya pop ulikuwa umevuka mpaka na kuwafikia wasikilizaji ambao walikuwa hawanunui pop. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito zaidi kwamba msichana yule alijua alichokuwa akikipigania.

Mwaka 2013 Davis alisimulia upande wake kwenye kumbukumbu za maisha yake, na Clarkson akajibu hadharani. Kwa maelezo yake, machozi ambayo Davis aliyasimulia hayakuwa ya kuchukia "Since U Been Gone". Yalikuwa ya kudharauliwa kama mtunzi baada ya kumpigia "Because of You". Miaka karibu kumi ilikuwa imepita, na bado neno hilo lilimchoma kuliko mauzo yoyote aliyopoteza.

Baada ya My December alifanya jambo ambalo watu wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka: alirudi mezani. All I Ever Wanted ya Machi 2009 ilifunguliwa na "My Life Would Suck Without You", kazi ya Max Martin na Dr. Luke tena, na wimbo ukaruka kutoka nafasi ya 97 hadi ya 1. Sioni hapo kushindwa. Naona mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kukataa, kwa hiyo kukubali kwake sasa kukawa na uzito. Nguvu ya kujadiliana haiji na kura za fainali. Huja pale upande wa pili unapojua kwamba unaweza kuondoka, na kwamba umeshawahi kulipa gharama ya kuondoka.

Hata hivyo nguvu hiyo ilikuwa na mipaka. Mtunzi Ryan Tedder alikuwa ametunga naye "Already Gone" kwa ajili ya albamu hiyo, na Clarkson alipoisikia "Halo" ya Beyoncé, ambayo Tedder pia alishiriki kuitunga, aliona muziki unafanana kupita kiasi. Tedder alipinga madai hayo. Clarkson alieleza kwamba alijaribu kuuzuia wimbo wake, lakini albamu ilikuwa imeshachapishwa; baadaye lebo ikautoa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake, wakati yeye hataki. Msanii mwenye Grammy mbili kabatini hakuwa na uwezo wa kuzuia wimbo wake usitoke. Anayetaka kuelewa maana ya kutomiliki rekodi zako aanzie hapo.

Miaka iliyofuata nitaipitia upesi. Albamu ya Stronger ya 2011 ilimpa kibao kingine cha nafasi ya 1 na Grammy ya albamu bora ya pop mwaka 2013. Januari mwaka huo aliimba kwenye kuapishwa kwa Barack Obama kwa muhula wa pili, na Oktoba akafunga ndoa na Brandon Blackstock, meneja wake. Mwaka 2016, miaka 14 baada ya fainali, alihama RCA na kujiunga na Atlantic, nyumba ya kwanza ya muziki aliyoichagua akiwa mtu huru.

Kabla ya kuhama, kulikuwa na tukio moja la Februari 2016 ambalo halistahili kupitwa. American Idol ilikuwa kwenye msimu wake wa kuaga kituo cha Fox, naye akaalikwa. Akiwa mjamzito wa mtoto wake wa pili, aliimba "Piece by Piece", wimbo aliouandika na Greg Kurstin kuhusu baba aliyeondoka na mume aliyeonyesha kwamba baba anaweza kubaki. Alishindwa kujizuia, akalia. Jaji Keith Urban naye akalia. Toleo la awali la wimbo huo lilikuwa halijafika mbali. Toleo la jukwaani likaingia nafasi ya 8. Kipindi ni kilekile kilichompa wimbo wa mtu mwingine mwaka 2002. Safari hii alikuja na wa kwake, na nchi nzima ikausikiliza.

Mwaka 2018 alikaa kwenye kiti cha ukocha wa The Voice, shindano jingine la uimbaji la televisheni, akashinda msimu wake wa kwanza na Brynn Cartelli, msichana wa miaka 15. Tarehe 9 Septemba 2019 ikaanza The Kelly Clarkson Show, kipindi cha mchana kilichokuja kumpa tuzo kadhaa za Daytime Emmy. Kila siku alikifungua kwa kuimba wimbo wa msanii mwingine na bendi yake. Kuna wanaosema televisheni ilimfanya aache kuwa mwanamuziki. Sikubaliani nao. Mshahara wa televisheni ulimwondolea haja ya kuitegemea chati, na sauti ikaendelea kufanya kazi kila siku ya kazi.

Ni televisheni hiyohiyo iliyolirudisha swali la zamani kwa sura mpya. Baada ya vurugu za 2007 alihamia kampuni ya Starstruck ya Narvel Blackstock, aliyekuwa mume na meneja wa Reba. Brandon, mume wake Clarkson, ni mtoto wa Narvel. Kwa hiyo aliyetoka kwenye mfumo ambamo meneja na lebo walikuwa nyumba moja aliingia kwenye mwingine ambamo meneja, mume na mkwe walikuwa ukoo mmoja. Nalisema hili bila kumlaumu. Mtu huwaamini anaowapenda. Lakini ndoa ilipoingia mahakamani mwaka 2020, mkataba wa usimamizi ulikwenda nayo. Starstruck ilimshtaki ikidai kamisheni zisizolipwa za dola milioni 1.4. Clarkson akapeleka shauri kwa Kamishna wa Kazi wa California.

Hoja yake ilikuwa ya kisheria na rahisi kueleweka. Katika jimbo la California, anayemtafutia msanii kazi lazima awe na leseni ya uwakala. Meneja asiye na leseni anaweza kushauri, kupanga na kusimamia, ila hawezi kwenda kumtafutia msanii ajira na kuchukua asilimia yake. Novemba 2023 Kamishna aliamua kwamba Brandon Blackstock alivuka mstari huo kwenye dili kadhaa, kubwa kuliko zote ikiwa ya The Voice, na akaamuru zirudishwe dola 2,641,374. Blackstock alikata rufaa, na mwaka 2024 pande hizo zikamaliza shauri kwa maelewano. Alifariki Agosti 2025 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 48, akiacha watoto wawili aliozaa na Clarkson. Clarkson alikuwa tayari ameahirisha maonyesho yake ya Las Vegas ili awe karibu na watoto wakati baba yao akiugua.

Mwaka huohuo wa 2025 alikuwa ametoa wimbo mpya, "Where Have You Been". Haukutoka RCA wala Atlantic. Ulitoka chini ya High Road Records, lebo aliyoianzisha mwenyewe.